Kuandika, Kuongoza na Kuigiza Filamu Yako Mwenyewe: Jibu kwa Msomaji wa Busia

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Busia upande wa Uganda, na ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Nimeigiza kwa miaka sita katika kikundi cha maigizo, na mara mbili nimepata sehemu ndogo katika tamthilia za runinga zilizopigwa Kampala. Nimeandika skripti ya kurasa 94 kwa Kiswahili kuhusu Nekesa, mama anayevusha mahindi usiku kwa njia za panya. Nataka kuiongoza mwenyewe na kuigiza kama Nekesa. Mjomba wangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka, na mimi nataka kushika tatu. Je, inawezekana? Niache kazi? Na je, niigeuze skripti iwe ya Kiganda ili ipate soko?

Jibu: Binti yangu, salamu zako nimezipokea, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu mimi mwenyewe nililibeba miaka mingi bila kupata wa kuniambia ukweli. Nianze na majibu mafupi, kisha nieleze. Inawezekana kuandika, kuongoza na kuigiza katika filamu moja. Kazi ya uwakala usiiache sasa. Skripti usiigeuze. Mjomba wako naye ana haki ya kuhofu, maana methali aliyokupa ni ya kweli, ila inamhusu anayeshika mbili kwa wakati mmoja, na kazi hizi tatu hazina haja ya kukutana katika saa moja. Mwandishi humaliza kazi yake kabla kamera haijawashwa. Mwongozaji hufanya sehemu kubwa ya kazi yake wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Mwigizaji anahitaji saa chache tu, lakini saa hizo anazihitaji zote, bila kugawana na mtu. Niliowaona wakishindwa ni wale wanaofika lokesheni asubuhi wakiwa bado wanaandika, bado wanaamua kamera ikae wapi, na papo hapo wanataka walie machozi ya kweli.

Usidhani unaomba jambo ambalo halijapata kufanywa. Hapa kwetu Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali, aliandika, akaongoza, akapiga picha na kuhariri filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri, na waigizaji wake wenyewe ndio waliobeba DVD kuziuza nyumba kwa nyumba. Mwaka 2022 kundi hilo la Wakaliga lilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Loukman Ali aliandika na kuongoza filamu ambayo mwishoni mwa mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza kutoka Uganda kuonyeshwa Netflix. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mpakia mizigo katika bandari ya Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, na alikuwa anakaribia miaka 40 alipokwenda Moscow kusomea filamu, kwa kuwa aliona watu wake wengi hawawezi kusoma vitabu alivyoviandika kwa Kifaransa. Baadaye akaongoza filamu kwa Kiwolofu, na mara kadhaa akajitokeza mwenyewe katika sehemu ndogo.

Ninakuomba utazame kwa makini hilo la sehemu ndogo. Watu hawa waliandika na kuongoza bila woga, lakini katika kujiweka mbele ya kamera yao walikwenda taratibu. Hata John Cassavetes wa Marekani, ambaye kwanza alijulikana kama mwigizaji, na ambaye malipo ya kuigiza katika filamu za studio kubwa aliyatia katika filamu zake, alianza kuongoza mwishoni mwa miaka ya 1950 na hakujipa sehemu kuu katika filamu yake mwenyewe hadi mwaka 1970. Kabla ya hapo alikwisha kujifunza jinsi ya kuwatazama wengine. Wewe unataka kuanza na lililo gumu kuliko yote, yaani kumbeba Nekesa katika kurasa 94 huku ukiwa mwongozaji kwa mara ya kwanza. Sikukatazi kuigiza. Ninakushauri upunguze ukubwa wa mzigo.

Tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu kila siku. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kawaida huwa karibu dakika moja ya filamu, hivyo una filamu ya saa moja na nusu. Kundi dogo lenye bidii linaweza kupiga kurasa nne kwa siku, na hiyo ni siku 24. Chukua mfano wa watu 12 tu, kila mmoja akigharimu shilingi 25,000 za chakula na nauli kwa siku, bila malipo ya kazi, bila kukodi kamera, bila taa. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa siku, na kwa siku 24 ni shilingi 7,200,000 zilizoliwa kabla hujalipa hata kipaza sauti kimoja. Sasa fungua skripti yako utafute usiku mmoja. Katika hadithi kama hiyo lazima upo usiku mmoja ambao Nekesa anatoka nyumbani na gunia, anakutana na mtu njiani, na anarudi akiwa si yule aliyetoka. Usiku huo ukiwa na kurasa 14 utakuchukua siku nne, na kwa hesabu ile ile ni shilingi 1,200,000. Upige huo kwanza, uwe filamu fupi inayosimama yenyewe, yenye mwanzo na mwisho wake, na isiwe kipande kilichokatwa kwenye kitu kikubwa. Ndani yake utaigiza, utaongoza, utakosea, na makosa yatakuwa ya bei unayoweza kuilipa.

Hata kwa filamu fupi, skripti hupimwa kwa kile ulicho nacho mkononi. Unaishi katika mji wa mpaka ambao mtu wa Kampala angelazimika kuutengeneza kwa fedha nyingi: malori yaliyopanga foleni, wabadilishaji fedha wenye mabunda, baiskeli zilizobebeshwa hadi mpandaji haonekani, redio za nchi mbili zikisikika kwenye baraza moja. Andika kwa vitu hivyo. Ukiwa na sini, yaani tukio moja la mahali pamoja, inayohitaji helikopta au gari la kuungua, ifute, hata kama unaipenda. Kuna sini moja tu ambayo ningekuruhusu kuigharimia, nayo ni ile inayofanya mtazamaji amwelewe Nekesa.

Sasa nije kwenye kazi ya kuongoza huku unaigiza, ambayo ndiyo kiini cha swali lako, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu nililipa ada yake.

Filamu yangu ya kwanza niliipiga Kibuye, katika ua wa nyumba ya shangazi yangu. Nilikuwa mwandishi, mwongozaji na baba wa familia. Katika sini moja binti ananiletea habari ya kifo cha ndugu yangu, nami ninamsikiliza nikiwa nimeketi kwenye kigoda. Tulipiga teki tano, yaani tuliirudia sini ile mara tano mbele ya kamera, mpiga picha akasema ni safi, na mimi nikafurahi kwa sababu jua lilikuwa linazama na bado tulikuwa na sini mbili za kumaliza. Wiki tatu baadaye, mezani pa mhariri, ndipo tulipoiona midomo yangu. Msichana anasema maneno yake vizuri kabisa, na mimi, baba anayepokea msiba, midomo yangu inatikisika ikifuata kila neno lake, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayemsikiliza mtoto akisoma. Sikuwa ninamsikiliza binti yangu. Nilikuwa ninahakikisha kwamba hasahau maneno niliyoyaandika. Katika teki ya nne macho yangu yanakwenda pembeni, alipokuwa ameketi kijana wa sauti, kwa kuwa bodaboda ilipita nje nami nikawaza kama imeingia kwenye kipaza sauti. Hatukuwa na teki hata moja iliyofaa. Mhariri akaijenga sini ile kwa kutumia uso wa msichana na mgongo wangu, na watu waliniambia baadaye kwamba mgongo ule ulikuwa na huzuni kubwa. Namshukuru mhariri, lakini sini niliyoiandika kwa ajili ya uso wa baba haipo.

Kutokana na siku ile nina mambo ambayo sikubali kuyaacha. La kwanza ni kumchagua mtu mmoja, na kumpa mamlaka mbele ya kundi zima tangu asubuhi ya siku ya kwanza, kwamba Nekesa anapokuwa mbele ya kamera, yeye ndiye mwongozaji. Awe na haki ya kusema "tena", na wewe usimuulize kwa nini mbele ya watu. Asiwe rafiki anayekuonea haya. Katika kikundi chenu cha maigizo bila shaka yupo mama au mzee ambaye mkimaliza onyesho hasifii, hunyamaza kwanza, kisha husema neno moja ambalo linakuuma usiku kucha. Mtafute huyo. La pili, kabla ya siku za kupiga picha, fanya mazoezi ya sini zako mwenyewe huku mwigizaji mwingine akisimama mahali pako, ili wewe ukae nyuma ya kamera uamue kila kitu: kamera itakaa wapi, nani ataingia kutoka upande gani, gunia litawekwa wapi. Maamuzi hayo yaandikwe na kuchorwa kwenye daftari, hata kwa michoro ya vijiti, na daftari akabidhiwe msaidizi wako. Siku ya kupiga picha usibadilishe ila kwa dharura.

Halafu kuna mpangilio wa siku yenyewe. Katika sini ya watu wawili, anza na upande wa mwenzako, kamera ikimtazama yeye huku wewe ukimpa maneno yako kutoka pembeni. Hapo bado unaweza kuwa mwongozaji kwa macho na masikio. Upande wako upigwe mwisho, mambo mengine yote yakiwa yamefungwa, na kati ya pande hizo mbili jipe dakika kumi za kukaa peke yako bila mtu kukuuliza chakula kimefika au hakijafika. Usikimbilie kujitazama kwenye skrini baada ya kila teki. Mwigizaji anayejitazama kila mara huanza kurekebisha nywele na pembe ya shingo, na Nekesa hana muda wa shingo yake. Tazama mara moja tu, baada ya teki ya tatu, pamoja na yule uliyempa mamlaka, kisha umsikilize yeye zaidi ya unavyojisikiliza.

Kuhusu kuigiza kwenyewe, sisi tuliotoka jukwaani tuna tabia moja ya kuiacha mlangoni. Uigizaji wetu mwingi umekulia kwenye tamthilia za ukumbini, tangu Jumba la Taifa la Maonyesho lilipofunguliwa Kampala mwaka 1959, jumba ambalo Byron Kawadwa aliliongoza hadi alipouawa na watu wa Amin mwaka 1977. Ninauheshimu urithi huo kwa moyo wote, na sauti yangu nimeipata humo. Lakini ukumbini unamwigizia mtu aliyeketi safu ya mwisho, na kamera imekaa umbali wa mkono mmoja kutoka usoni pako. Kinachoitwa hisia jukwaani, kwenye fremu ya karibu huonekana kama kelele.

Wewe una darasa ambalo wengine hawana. Mteja anapokuja kwenye kibanda chako akisema ametuma pesa kwa nambari isiyo yake, karo ya mtoto, anaomba umrudishie, na wewe unajua kwamba huwezi, vidole vyako vinaendelea kuhesabu noti za mteja mwingine bila kukosea na uso wako hauoneshi kitu, ila kuna kitu kidogo kinachotokea kwenye koo. Nimekaa kwenye benchi la kibanda kama hicho hapa Kampala nikikitazama. Koo hilo ndilo Nekesa. Weka simu yako juu ya rafu jioni baada ya kufunga, jirekodi ukihesabu noti huku ukiambiwa habari mbaya, na uirudie hadi mtazamaji aione habari hiyo bila wewe kuisukuma.

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi za fedha kidogo kuliko picha. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini akikosa neno moja hurudi nyuma, akikosa matatu huondoka. Nyumba zetu zina paa za mabati, na mvua ya dakika ishirini inaweza kukuondolea mchana mzima, hivyo usipange sini za ndani katika miezi ya Machi hadi Mei, wala Septemba hadi Novemba, kama una hiari. Jenereta iwekwe mbali, nyuma ya ukuta. Na kila mahali mnapopiga, kabla ya kuondoka, wanyamazishe watu wote kwa dakika moja na urekodi ukimya wa mahali hapo, kwa sababu mhariri atauhitaji kuziba mapengo. Kumbuka pia kwamba sisi tuko karibu na ikweta na machweo yetu hayakawii. Ule mwanga wa jioni ambao waongozaji wa nchi za kaskazini huucheza kwa muda mrefu, kwetu hutoweka upesi sana. Sini moja ya machweo ni jioni moja. Ukitaka mbili, panga jioni mbili.

Ruhusa ni jambo fupi lakini usilidharau. Anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umpelekee barua na umweleze kwa adabu mnafanya nini na kwa siku ngapi, kisha nenda kituo cha polisi na nakala ya barua yenye muhuri wake. Eneo la forodha na uhamiaji usiligeuzie kamera bila idhini ya maandishi ya wahusika, hata kama unalipita kila siku na askari wanakujua kwa jina. Mavazi yanayofanana na ya jeshi ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa sheria inamkataza raia kuwa nayo. Kama hadithi inahitaji askari, unaweza kumwonyesha kwa sauti, kwa tochi inayomulika usoni, kwa viatu vilivyosimama gizani, na mara nyingi hofu inakuwa kubwa zaidi mtu asipoonekana.

Sasa haki, na hapa ninaomba usome polepole. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inakulinda tangu unapoiandika skripti, bila kusubiri cheti, lakini kuisajili kwa Idara ya Usajili, URSB, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Sheria hiyo hiyo inawalinda pia waigizaji, hivyo kila anayeonekana au kusikika katika filamu yako atie sahihi karatasi ya makubaliano kabla ya kupigwa picha, hata kama ni binamu yako, hata kama hulipi zaidi ya nauli. Nimeona filamu nzuri iliyokaa kabatini kwa sababu mwigizaji mmoja aliyekosana na mwongozaji alikuwa hajatia sahihi popote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuza haki za tamthilia yangu kwa kituo kimoja cha runinga. Mkataba ulikuwa na kurasa tisa, nami niliangalia kiasi cha fedha na tarehe ya malipo. Katika ukurasa wa saba uliandikwa kwamba ninatoa haki zote, kwa lugha zote, duniani kote, milele. Wahusika niliowazaa kwa miaka minne sikuruhusiwa kuwaandika tena. Wewe ukifika hapo, uza muda, uza nchi, uza lugha, kimoja kimoja: miaka miwili ya kuonyesha Uganda ni kitu kimoja, haki ya kutengeneza sehemu ya pili ni kitu kingine, na kila kimoja kina bei yake. Sajili jina la kampuni, chukua nambari ya mlipa kodi, na ujue kwamba wengi wa watakaokulipa watakata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Katika shilingi 5,000,000 hiyo ni 300,000. Usiihesabu fedha hiyo katika bajeti kisha ukaikosa, na udai hati ya makato yake, maana itakufaa utakapofanya hesabu za kodi za mwaka.

Kuhusu lugha, najua kwa nini unawaza Kiganda. Soko la Kampala ni la Kiganda, vibanda vya video ni vya Kiganda, na ma-VJ wanaotafsiri filamu za nje hufanya hivyo kwa Kiganda kwa ufundi ambao umelea watazamaji wa kizazi kizima. Lakini Nekesa si mtu wa Kampala. Nyumbani nadhani anasema Kisamia, sokoni anasema Kiswahili, na mfanyabiashara wa kutoka Kampala anapokuja kununua mahindi humlazimisha aseme Kiganda kibovu. Kwenye dawati la forodha kuna Kiingereza. Waache wote waseme lugha zao, na tafsiri iandikwe chini ya picha. Lugha katika mji wako inaonyesha nani ana nguvu juu ya nani, na huo ni utajiri ambao filamu ya lugha moja ingeupoteza. Kiswahili katika nchi yetu kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini wapo wazee wa Kampala ambao hadi leo wakikisikia ghafla gizani mioyo yao hushtuka, kwa sababu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka vinywani mwa askari. Wewe uliyekua na Kiswahili cha sokoni, cha kubembeleza bei na kumwita mtoto ale, unaweza kuziweka sauti hizo mbili katika sini moja. Na filamu yenye Kiswahili inaeleweka Mombasa, Mwanza na Goma. VJ akija baadaye kuomba kuitafsiri kwa Kiganda, mpe kibali cha maandishi na mgawane mapato.

Filamu fupi ikikamilika, ipeleke kwanza Tamasha la Filamu la Uganda, ambalo Tume ya Mawasiliano imekuwa ikiliandaa tangu mwaka 2013, kisha Amakula, lililoanzishwa Kampala mwaka 2004, kisha Zanzibar, ambako watu wa nchi za Jahazi, yaani za Bahari ya Hindi, wamekuwa wakikutana kwa filamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Fuatilia pia nafasi za Maisha, maabara ya filamu iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair kwa ajili ya waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki. Matamasha mengi hayalipi, na hilo ulijue mapema. Faida yake ni watu: mpiga picha atakayefanya kazi nawe kwa miaka kumi, mtayarishaji atakayesoma zile kurasa 80 zilizobaki. Lakini kabla ya tamasha lolote, tandika shuka jeupe ukutani Busia, uwaite wanawake wanaovusha mahindi waitazame. Watakuonyesha mahali ulipokosea kufunga gunia.

Tena, hifadhi kazi yako. Filamu ya Wakaliga iliyojulikana kuliko zote leo inapatikana tu ikiwa na sauti ya VJ juu yake, maana nakala safi ilipotea, kompyuta ikiwa na nafasi ndogo na umeme usiotabirika. Kila jioni ya kupiga picha, nakili kila kitu kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti, na kadi ya kamera isifutwe hadi mtu wa pili ahakikishe.

Umeuliza kuhusu kuacha kazi. Mwigizaji wa kujitegemea nchini kwetu hulipwa kwa siku, na siku hizo hazifuatani. Nimeishi hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kilichonibakisha ni kwamba sikuwahi kutegemea kazi moja kati ya hizi tatu. Mwaka ambao hakuna aliyeniita kuigiza, niliandika vipindi vya tamthilia za wengine, na mwaka ambao maandishi hayakununuliwa, nilifundisha. Uwakala wako ni chanzo cha nne, na kina sifa ambayo hizi tatu hazina: kinalipa kila siku. Mfundishe mtu wa kukaa kibandani siku nne za kupiga picha na wiki mbili za mazoezi, umlipe, na umweke kwenye bajeti kama unavyomweka mpiga picha. Siku utakapoona kwa miezi kumi na miwili mfululizo filamu imekulipa zaidi ya kibanda, niandikie tena tuzungumze.

Kwa sasa lipo la kufanya ambalo halihitaji shilingi. Jumamosi hii, jioni baada ya kufunga, waite wenzako wanne au watano wa kikundi, watandikie mkeka, wapikie chai, na msome kwa sauti zile kurasa za usiku mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya Nekesa mpe mwanamke mwingine aisome. Wewe kaa pembeni na kalamu, funga mdomo, na uweke alama kila mahali atakaposita.